Mnazi wa Rahani, Kadi na Fuliza

Paukwa! Pakawa. Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wamepumzika. Nina hadithi ya minazi, na mambo ya minazi hiyo yalitokea kweli.

Kule Kaloleni, kwenye vilima vya Kilifi mbali na pwani, utajiri wa Mgiriama ulihesabiwa kwa minazi. Mnazi hutoa nazi za kupikia, nazi za kukausha ziwe mbata za kuuza, tembo la wazee na makuti ya kuezekea. Mwenye minazi mingi alikuwa na la kusema barazani. Lakini matanga hayangoji mavuno, wala mahari hayangoji. Mtu akifiwa, wageni wamejaa uani na mfukoni hamna kitu, alikwenda kwa jirani mwenye fedha, akapokea fedha hizo, na minazi yake kadhaa akaiweka rahani.

Sikilizeni masharti yake. Riba haikutajwa hata kidogo. Mkopeshaji alisema tu, “Nitavuna mimi mpaka unirudishie fedha zangu.” Mwenye minazi akaona ni jambo jepesi, akaitikia mbele ya wazee mashahidi. Tangu siku hiyo kila nazi iliyoanguka, kila kibuyu cha tembo kilichogemwa, kikawa cha jirani. Na ile minazi ndiyo ingemlipia deni! Atatoa wapi fedha sasa? Basi mwaka unapita, mwingine unapita, mashahidi wanakufa mmoja mmoja, na watoto wa pande zote mbili wanaanza kugombana kuhusu miti ni ya nani.

Mtaalamu mmoja Mwingereza, David Parkin, aliishi na Wagiriama hao miaka ya 1960 akayaandika haya katika kitabu alichochapisha mwaka 1972. Aliona watu wachache wakikusanya minazi na mashamba, na majirani zao wakibaki na machache. Wale wachache hawakuiba. Walikuwa na fedha taslimu siku ambayo mwenzao alikuwa na msiba, basi.

Sasa tushuke Malindi. Tumchukue kijana wa boda boda pale sokoni, tumwite Karisa, maana hadithi haiendi bila jina. Tairi limepasuka, anahitaji shilingi 1,200, na M-Pesa yake ni sufuri. Zamani angemwendea mwenye duka amwandikie daftarini. Siku hizi haoni haja ya kumsumbua mtu. Tangu Januari 2019 ipo Fuliza, huduma ya Safaricom na benki mbili, NCBA (wakati ule ikiitwa CBA) na KCB. Pesa zako zisipotosha, malipo yanapita vivyo hivyo, na kilichopungua kinakuwa deni.

Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2022, Karisa atakatwa asilimia 1 papo hapo, yaani shilingi 12. Halafu kwa deni la kiasi hicho hutozwa shilingi 18 kila siku. Akikaa siku 10, ni shilingi 180. Ukiacha ushuru, tairi la 1,200 limekuwa la 1,392. Haki yake Fuliza nayo tuiseme: deni lisilozidi shilingi 1,000 limepewa siku 3 za mwanzo bila ile ada ya kila siku. Mwenye nidhamu anaweza kuponea hapo.

Lakini kumbukeni nazi. Abiria akimlipa Karisa kwa simu, pesa ikiingia tu, Fuliza inaichukua kabla hajaigusa. Shangazi akimtumia za unga kutoka Mombasa, nazo zinachukuliwa. Jioni hana mafuta ya kesho, anafuliza tena. Jirani wa Kaloleni alihitaji ngazi kupanda mnazi. Huyu wa leo anavuna akiwa amekaa.

Na deni haliji kwa simu tu, kwenye kadi pia limo. Mnawaona watalii wa Watamu na Malindi, hasa Wataliano, wakilipa hotelini kwa kadi? Kadi zenyewe zafanana, ila zina tabia mbili. Kadi ya mkopo hulipa kwa pesa za benki. Mwisho wa mwezi benki hukuletea hesabu: ukiimaliza yote kwa wakati, kwa kawaida hutozwi riba kwa ulivyonunua, ukilipa kidogo tu, kinachobaki kinaanza kuzaa. Kadi hizi zilienezwa kwa ujanja. Mwaka 1958 Bank of America iliwatumia watu wa mji wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta, bila wao kuziomba. Niambieni, nani hukataa mgeni aliyekwisha ingia ndani?

Kadi ya debiti hukata pesa zilizomo kwenye akaunti yako. Zikiisha, mashine inakataa. Mimi naipenda hiyo aibu ya dakika moja mbele ya keshia, bora mara mia kuliko deni la miezi sita. M-Pesa nayo ina kitu cha namna hiyo: tangu mwaka 2022 unaweza kupata namba ya kadi ya Visa ndani ya simu, ununue vitu vya ng’ambo mtandaoni kwa pesa zako mwenyewe. Ubaya wa debiti upo. Mwizi akiipata na namba yako ya siri, anakomba pesa zako hasa, kwa hiyo namba ya siri haisemwi hata kwa rafiki wa chanda na pete.

Sisemi kukopa ni haramu kwa kila mtu. Anayekopa anunue nyavu, na nyavu zikavua samaki wa kulipa deni na kubakisha, huyo amefanya biashara. Karisa naye tairi linamrudisha kazini, asilaumiwe sana. Wa kulaumiwa ni anayefuliza chipsi na bando za intaneti.

Mtakapofika miaka 18 mkapata kitambulisho na laini zenu, mtaonyeshwa kiwango cha Fuliza, pengine shilingi 500, pengine 5,000. Msikihesabu pamoja na pesa zenu. Tena huduma hiyo haijiwashi yenyewe. Huulizwa mwenye simu kwanza. Mkiulizwa, kataeni, na aliyekwisha jiunga amalize deni kisha ajitoe.