Neno Lililotumwa Silo Lililofika

Kazi nyingi za binadamu hufanywa na watu zaidi ya mmoja, nazo huendeshwa kwa maneno. Agizo hutolewa, habari hupashwa, tahadhari hutangazwa. Aghalabu hudhaniwa kwamba neno likishatoka kinywani limekwisha kufika. Dhana hiyo si sahihi. Baina ya kinywa cha msemaji na akili ya msikilizaji mna kelele, uchovu, haraka na woga, na kila kimoja chaweza kulibadili neno njiani. Makala haya yaeleza desturi chache ndogo, zisizohitaji fedha, ziwezazo kulilinda neno hilo.

Tutazame mazingira ya Nyahanga, kata iliyomo mjini Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita. Duara la mchimbaji mdogo katika ukanda huo ni shimo jembamba liendalo chini sana. Ndani wamo wachimbaji. Juu wapo wavutaji wa kamba au winchi. Hawaonani. Ngurumo ya pampu na mwangwi wa mwamba humeza nusu ya sauti. Aliye chini akiita “Usivute!”, silabi mbili za mwanzo zikapotea, aliye juu atasikia “vute” na kuvuta. Silabi hizo mbili ndizo zilizobeba uhai wa mtu.

Hapa twapata desturi ya kwanza: maagizo yanayopingana yasifanane kwa sauti. Badala ya “usivute”, isemwe “simama”. Marubani walijifunza jambo kama hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili ziligongana katika uwanja wa Tenerife, wakafa watu 583. Rubani mmoja alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa, baada ya mazungumzo ya redio yaliyoeleweka visivyo. Tangu hapo, neno la Kiingereza la kuruka limetengwa: waongozaji hulitamka wanapotoa au kufuta ruhusa yenyewe tu.

Desturi ya pili ni kurudia. Apokeaye agizo alitamke tena kwa ukamilifu, na aliyelitoa athibitishe. Jibu la “sawa” halitoshi, kwa kuwa mtu aweza kusema “sawa” kwa jambo alilolisikia vibaya. Huenda wengine wakaona kwamba kijana anayerudia maneno ya mkubwa wake anamtilia shaka. Sivyo. Kijana akiuliza, “Umesema nishushe kamba, siyo, kaka?” hajavunja heshima yoyote, amemlinda mkubwa wake asije akalaumiwa kwa kosa ambalo hakulikusudia.

Desturi ya tatu ni kujulishana kabla ya kazi kuanza. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti wakati wa upasuaji, katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Miongoni mwa mambo hayo, kila aliyemo chumbani alitaja jina lake na kazi yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 ya wagonjwa hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile ilihusu pia dawa na vifaa, kwa hiyo si haki kudai kwamba majina peke yake ndiyo yaliyookoa roho hizo. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wenzake huona wepesi zaidi kutamka pia, “Ngojeni, pana jambo haliko sawa.”

Desturi ya nne ni kukabidhiana zamu kwa maandishi. Daftari moja mdomoni mwa duara latosha: nani ameshuka, saa ngapi, nani amepanda, nguzo ipi imelegea. Anayetoka asome, anayeingia arudie. Mwaka 2015 duara liliporomoka huko Nyangarata, wilayani Kahama, na watu watano wakaokolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 ardhini. Waligunduliwa pale wachimbaji wengine waliposikia sauti zao. Sauti iliwaokoa, lakini waokoaji wahitaji pia kujua, tangu saa ya kwanza, ni watu wangapi wa kutafutwa na walikuwa upande gani. Habari hiyo haiwezi kukusanywa kwa kubahatisha wakati kifusi kimekwisha kushuka.

Desturi hizi si za machimboni tu. Fundi wa gereji na msaidizi aliye chini ya lori, muuguzi wa zamu ya usiku na mwenzake wa asubuhi, karani na mpimaji wa mpunga mashineni, wote wazihitaji. Wala haifai mzigo huo kuachiwa wadogo. Kiongozi wa kazi ndiye aanze: akipewa taarifa na kijana wake, airudie yeye kwanza, mbele ya watu. Siku atakapofanya hivyo, hapana atakayeona haya kumwiga.