Kampuni za Kubeti Zinapobanwa na Sheria: Funzo kwa Kilosa na Mikumi

Mchezo wa kubahatisha wa mtandaoni, ambao watu wa Kilosa na Mikumi, kama Watanzania wengine, huuita kwa kifupi kubeti, ni biashara inayofika hata mahali ambapo tawi la benki halijafika, kwa kuwa hauhitaji duka wala kaunta bali simu ya mkononi na salio katika akaunti ya M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa. Kibarua wa mashamba ya mkonge ya Kimamba, au utingo wa lori lililoegeshwa Mikumi kando ya barabara kuu iendayo Iringa, anaweza kuandaa mkeka, yaani orodha ya mechi alizozitabiria matokeo, akaulipia, na kabla hajalala akajua kama umechanika.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inazitaka kampuni ziwe na leseni na inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza. Nyenzo ambayo serikali huitumia mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni kodi, nayo iko ya namna mbili: kodi ya mapato ghafi, inayotozwa kwenye kiasi kinachobaki kwa kampuni baada ya washindi kulipwa, na kodi ya ushindi, inayokatwa kwenye fedha za aliyeshinda kabla hazijamfikia. Mwaka 2021 Bunge lilishusha kodi ya ushindi kutoka asilimia 20 hadi 15, likapandisha ile ya mapato ghafi kwa kampuni za kubeti michezo kutoka asilimia 25 hadi 30. Viwango hivyo vimebadilishwa tena baadaye, lakini uamuzi wa mwaka ule unafaa kukumbukwa, kwa sababu ulisogeza mzigo kutoka kwa mchezaji kwenda kwa kampuni.

Ili kuelewa kwa nini kampuni hupokea kodi moja kwa utulivu na nyingine kwa vita, ni lazima kwanza kutazama hesabu yake. Tuseme mechi ina matokeo matatu yanayowezekana, yaani ushindi wa nyumbani, sare na ushindi wa ugenini, na kila tokeo limepewa odi ya 2.70, ikiwa na maana kwamba atakayepatia atalipwa dau lake mara 2.70. Watu watatu wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila mtu kwenye tokeo lake, kampuni hukusanya 3,000 na kumlipa mshindi mmoja 2,700, iwe mechi imeishaje. Shilingi 300 zinazobaki ndiyo mapato ghafi, na kodi ya asilimia 30 huchukua 90 tu kati yake. Kodi ya asilimia 20 juu ya kila dau ingechukua 600 katika zile 3,000, yaani mara mbili ya chote ambacho kampuni ilikibakiza.

Kenya imezipitia kodi za namna zote mbili, na hata ile ya mapato ghafi ilileta vita ilipokuwa kubwa. Julai 2017 klabu ya Gor Mahia ilicheza na Everton jijini Dar es Salaam, timu zote mbili zikidhaminiwa na kampuni ya kubeti ya SportPesa. Miezi sita baadaye, kodi ya asilimia 35 ya mapato ghafi ilipoanza Januari 2018, kampuni hiyo ilifuta udhamini wake wa michezo nchini Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards zikiwemo. Pigo halikuwaangukia waliotunga sheria, bali wachezaji na makocha wasiokuwa na sauti bungeni, na kelele zao zikawa hoja ya kampuni. Mwaka huohuo kodi ilishushwa hadi asilimia 15, na mahali pake ikaletwa kodi ya asilimia 20 kwa washindi: kinyume kabisa cha kilichofanywa Tanzania mwaka 2021.

Mwaka 2019 mkono wa serikali ya Kenya ulikuwa mzito zaidi. Mwezi Julai kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya, na kampuni ya simu ya Safaricom ikaagizwa kuzifungia namba za malipo. Baadhi ya kampuni zikakimbilia mahakamani. Mwezi Septemba, baada ya Bunge kupitisha kodi ya asilimia 20 juu ya kila dau, SportPesa na Betin zilifunga shughuli na wafanyakazi wakapoteza ajira. Kodi hiyo haikudumu hata mwaka mmoja, kwani iliondolewa katikati ya 2020, na kabla mwaka haujaisha jina la SportPesa lilikuwa limerejea sokoni chini ya kampuni nyingine, jambo lililozua kesi nyingine. Kodi ya dau ilirudishwa mwaka 2021, safari hii kwa asilimia 7.5.

Mbinu hizi za kampuni si za Afrika Mashariki peke yake. Marekani ilipopiga marufuku mwaka 2006 kupitisha malipo ya kamari haramu ya mtandaoni, kampuni ya PartyGaming, iliyokuwa kwenye soko la hisa la London, iliondoka Marekani mara moja, huku PokerStars, isiyokuwa na wanahisa wa soko la kuwaogopa, ikibaki hadi ilipofungiwa na waendesha mashtaka Aprili 2011. Uingereza ilipopunguza dau la juu la aina moja ya mashine za kamari kutoka pauni 100 hadi 2, Aprili 2019, kampuni mbili zilileta siku zilezile michezo mipya inayofanana na ile iliyobanwa, na mdhibiti akalazimika kuingilia kati.

Jibu hili la mwisho, la kubadilisha mchezo badala ya kubishana na sheria, ndilo linaloihusu Kilosa zaidi. Mechi huchukua dakika 90, lakini mchezo wa kindege, ambamo picha ya ndege hupaa huku namba ikipanda kutoka 1.00 hadi 1.50, hadi 2.00, kisha hutoweka wakati wowote na dau la ambaye hajatoa fedha zake, humalizika kwa sekunde chache na kuanza upya. Kodi, iwe juu au chini, haigusi kasi hiyo. Na kampuni inayokatwa zaidi katika kila shilingi ina kila sababu ya kutafuta shilingi nyingi zaidi kwa saa. Katazo la umri nalo hudhoofika pale kijana wa miaka 15 anapotumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mama yake.

Muswada wa Sheria ya Fedha hujadiliwa bungeni kila Juni. Wabunge wa majimbo ya Kilosa na Mikumi wanapaswa, mbali na kuuliza kodi itakuwa asilimia ngapi, kudai ukomo wa fedha ambazo mtu mmoja anaweza kubetia kwa siku, na kudai ukomo huo uwekwe kwenye namba ya malipo ya simu, ambayo madau mengi ya mtandaoni hupitia.