Kijana wa Sirari na Elimu ya Bahari: Mzazi Aulize Nini?

Sirari haina bahari. Ina mpaka, ina soko, na ina malori ya mizigo yanayosubiri zamu ya kuvuka kwenda Isebania. Ndiyo maana kijana wa huko aliyemaliza kidato cha sita akitamka nyumbani kwamba anataka kusomea shahada ya sayansi ya bahari, wazee hutazamana. Baba huuliza bahari ameiona wapi. Mama huwaza mwanawe atalala wapi huko Dar es Salaam au Unguja. Wajomba hushauri ualimu au uuguzi, kazi ambazo kila mtu anazijua.

Wiki hii tumeona tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa uamuzi wa namna hii huigharimu familia fedha nyingi na humgharimu kijana miaka ya ujana wake ambayo hairudi. Rai yetu ni kwamba ombi hilo lisikataliwe kwa hoja ya umbali wa bahari, wala lisikubaliwe kabla ya maswali machache kujibiwa.

Maji ya Mara hufika baharini

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hukatiza Serengeti, hupita Tarime na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kutoka ziwani maji hutokea Jinja, Uganda, yakaingia Mto Nile, na safari yake huishia Bahari ya Kati katika pwani ya Misri. Mtoto wa Tarime, basi, amezaliwa juu ya njia ya maji yaendayo baharini. Na dagaa anaowaona sokoni, ambao jirani zetu wa Kenya huwaita omena, ni mazao ya ziwa ambalo takriban nusu ya eneo lake iko Tanzania.

Wakazi wa Mara hawajasahau mwezi Machi 2022, samaki walipoonekana wakielea wamekufa katika Mto Mara na maji kubadilika rangi. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na kuoza kwa mimea, vilipunguza oksijeni ndani ya maji. Maelezo hayo yalizua mjadala mkubwa nchini. Wengine waliyakubali, wengine waliyakataa. Sisi hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Twauliza tu: katika kaya zinazokunywa na kunyweshea mifugo maji ya mto ule, ni ngapi zilikuwa na kijana wa kuisoma ripoti ile, kueleza oksijeni hupimwa vipi, na kuuliza sampuli zilichukuliwa wapi na lini? Asiyekuwa na elimu hubaki kuchagua wa kumwamini.

Dini inasemaje

Qur'ani Tukufu yataja bahari mara nyingi. Katika Suratun-Nahl, aya ya 14, twakumbushwa kwamba bahari imetiishwa ili wanadamu wapate humo chakula na mapambo, na vyombo vipate kupita. Katika Suratul-Furqan, aya ya 53, zatajwa bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na kizuizi kilichowekwa baina yake. Suratur-Rum, aya ya 41, yaonya juu ya uharibifu unaodhihiri nchi kavu na baharini kwa sababu ya matendo ya watu.

Imam Ghazali aliihesabu tiba na hesabu miongoni mwa elimu za fardhi kifaya, kwa kuwa jamii haiwezi kusimama bila ya wanaozijua. Katika zama hizi za maji kuchafuka na samaki kupungua, ni vigumu kuiacha elimu ya maji nje ya mlango huo. Wala si ngeni kwetu. Ahmad ibn Majid, nahodha Mwislamu wa karne ya 15, aliandika juu ya nyota, pepo na njia za Bahari ya Hindi, pamoja na pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Husomwa nini hasa

Wengi hudhani kijana atakwenda kujifunza kuogelea na kuvua. Sivyo. Shahada hii ni ya sayansi, na humtaka mwanafunzi awe imara katika biolojia, kemia, fizikia na hesabu. Atajifunza kwa nini lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na namna pepo za kusi na kaskazi zinavyosukuma mikondo. Atajifunza kwa nini bamvua huja karibu na mwezi kuandama na mwezi kupevuka, na maji mafu yakaja mwezi ukiwa nusu. Sisi tunaotazama mwezi wa Ramadhani kila mwaka tungefurahi mtoto wetu atueleze jambo hilo. Yapo pia matumbawe, mikoko na nyasi za baharini, na takwimu, somo linalowashinda wengi waliodhani wamekimbia hesabu.

Mfano wa faida yake uko Zanzibar. Kilimo cha mwani kilianza huko kibiashara mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Baadaye mwani wa aina nene, wenye bei nzuri zaidi, ukaanza kufa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto kupita kiasi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwamo Dkt. Flower Msuya, wamefanya kazi bega kwa bega na wakulima hao kutafuta njia za kupanda katika kina kirefu zaidi na kuongeza thamani ya zao lenyewe. Ndipo shahada inapogeuka kuwa riziki ya mama wa kijijini.

Wapi pa kusoma

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha shahada ya kwanza ya sayansi za majini na uvuvi. Taasisi yake ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978, imejulikana zaidi kwa utafiti na shahada za juu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha ufugaji wa viumbe wa majini. Kwa upande wa Kenya kipo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi.

Ambaye alama zake hazikutosha asikate tamaa. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una vyuo Mbegani (Bagamoyo) na Nyegezi (Mwanza), na hata Gabimori, wilayani Rorya, jirani kabisa na Tarime. Stashahada yaweza kuwa ngazi ya kufikia shahada. Na kabla ya yote, kijana apelekwe ziwani. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Sota, huko huko Rorya. Akiomba ruhusa akatazama kazi inavyofanywa, atajua kama anaipenda elimu au anapenda picha za bahari.

Maswali ya kuulizwa nyumbani

La kwanza ni sifa za kujiunga. Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU kisomwe na mzazi pamoja na kijana, wala si na kijana peke yake.

La pili ni fedha. Familia nyingi za Kiislamu huogopa mkopo kwa sababu ya riba, na hofu hiyo ina msingi. Kwa miaka kadhaa mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi ilibeba tozo ya asilimia 6 kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Mwaka 2021 Serikali iliiondoa. Hata hivyo, masharti ya mwaka husika yasomwe, yapelekwe kwa sheikh anayeelewa mambo ya miamala, ndipo saini iwekwe.

La tatu ni ajira. Wapo maafisa uvuvi wa halmashauri, watafiti, wahifadhi wa maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Mafia, wataalamu wa viwanda vya samaki na wafugaji wa samaki kwa vizimba ziwani. Lakini nafasi hazimsubiri kila mhitimu, na anayemwahidi mtoto kazi kwa sababu ya cheti humdanganya. Kijana aulizwe mapema: usipoajiriwa, elimu hii utaifanyia nini hapa Mara?

La nne ni binti. Masomo haya yana safari za mashua na siku za kazi ufukweni. Mzazi aulize chuoni kuhusu mabweni, mavazi yanayoruhusiwa kazini, ratiba za safari na nani atakayeandamana na wanafunzi. Majibu yakiridhisha, asizuiwe kwa sababu tu ni msichana; wakulima wa mwani wanahitaji wataalamu wanawake watakaokaa nao na kuwasikiliza.

Maswali hayo manne yakishajibiwa, familia iswali istikhara, kisha iamue kabla dirisha la udahili halijafungwa. Wabillahi tawfiq.