Nyimbo za Kusifu Kwetu

Hakuna kabila lisilo na nyimbo za kusifu kwao. Mkulima huimba akilima, mvuvi huimba akivuta kasia, mama huimba akimbembeleza mtoto. Katika nyimbo hizo hutajwa mlima wa kwao, mto wa kwao, na matendo ya wazee waliotangulia. Watu wengine hudhani ya kuwa nyimbo za namna hii ni za kujifurahisha tu, wala hazina faida nyingine. Basi, tuzitazame kwa makini, tuone zafanya kazi gani.

Kazi ya kwanza ni kutunza maarifa. Jina la kijito au la kilima likiingia katika wimbo, halisahauliki upesi, kwa sababu mtoto hulishika kabla hajajua kusoma. Kazi ya pili ni kuwaunganisha watu. Wanaoimba pamoja hujiona kuwa wamoja. Lakini kazi hii ya pili ina hatari yake, kama tutakavyoona.

Wanafunzi wengi wa Kasansa wamekwisha kuona ngoma za Wasukuma. Huchezwa hasa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Katika ngoma ya bugobogobo, wachezaji hushika majembe, kwa kuwa ni ngoma ya wakulima. Wachezaji wa Kisukuma tangu zamani wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu. Yasimuliwa ya kuwa vyama hivyo vilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana ili ijulikane ni nani aliye bora. Hata leo vyama hivi hushindana. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huenda upande unaowapendeza. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Kule Bujora, karibu na Mwanza, mashindano hayo hufanywa kila mwaka katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni.

Katika mashindano hayo mwimbaji hujisifu yeye na watu wake, tena huwacheka wapinzani wake. Watu wote hucheka, kwa maana wajua kwamba ni mchezo. Lakini mchezo ukitoka uwanjani ukaingia kijijini, dhihaka yaweza kugeuka kuwa matusi. Hapo wimbo uliowaunganisha watu wa upande mmoja huwatenga na jirani zao. Ndiyo hatari niliyoitaja. Je, mtu aweza kusifu kwao pasipo kumdharau mwingine? Aweza. Tutazame mfano mmoja kutoka nchi ya mbali.

Katika nchi ya Japani uko mkoa uitwao Nagano, ambao zamani uliitwa Shinano. Ni nchi ya milima mirefu, wala haina pwani. Mwaka 1899 Asai Kiyoshi, mwalimu wa shule ya ualimu, alitunga maneno ya wimbo wa kuisifu nchi hiyo, ili wanafunzi wajifunze jiografia ya kwao kwa kuimba. Mwaka uliofuata mwalimu mwingine, Kitamura Sueharu, aliutia sauti inayoimbwa mpaka leo. Wimbo huo una beti sita. Wataja nchi kumi zilizopakana na Shinano, mabonde yake manne, milima yake, na mito iendayo kaskazini na iendayo kusini. Wataja misitu, samaki wa ziwani, na ufugaji wa viwavi watoao hariri. Hata njia za reli zilizotobolewa chini ya milima zimehesabiwa humo, nazo ni 26.

Wanafunzi wa shule ile walipokuwa walimu, waliuchukua wimbo huu mpaka shule za vijijini. Hivyo watoto wa bonde moja walijua majina ya mabonde mengine ambayo hawajayaona kwa macho. Miaka mingi baadaye faida yake ilionekana. Watu wa kaskazini na watu wa kusini walikuwa wameshindana siku nyingi, na mwaka 1948 baraza la mkoa lilijadili shauri la kuugawa mkoa uwe sehemu mbili. Yasimuliwa ya kuwa watu waliokuja kusikiliza mjadala walianza kuuimba wimbo ule wa shuleni, sauti zikajaa ukumbini. Shauri la kugawana halikupita. Mwaka 1968 wimbo ukafanywa kuwa wimbo rasmi wa mkoa.

Angalieni sasa kwa nini wimbo ule ulikuwa na nguvu. Haukumcheka mtu. Haukusifu bonde moja na kuyaacha mengine. Kila mtu aliyeuimba alisikia kijiji chake kimo ndani yake.

Wala si Wajapani peke yao waliopata wimbo kutoka kwa mwalimu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo mwaka 1897. Sauti ya wimbo huo ndiyo tunayoiimba sisi tukiimba Mungu Ibariki Afrika, wimbo wa taifa letu tangu uhuru wa mwaka 1961. Wimbo wa darasani waweza kufika mbali kuliko mtungaji alivyofikiri.

Sasa turudi nyumbani. Wimbo wa Kasansa ungetaja nini? Kasansa imo katika nchi ya Mpimbwe, katika Bonde la Rukwa. Upande wa kaskazini iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974, yenye viboko wengi na nyati. Mto Katuma wapita humo, na maji yake hushuka kwa mto Kavuu hata Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kule Majimoto maji hububujika yakiwa ya moto kutoka ardhini. Kuna mashamba ya mpunga na ya mahindi. Hata jina la Katavi, lililopewa mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012, lina hadithi yake. Wazee husema ni jina la mwindaji hodari, Katabi, ambaye roho yake yakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi.

Lakini wimbo hauwezi kutaja mito na kuwaacha watu. Wapimbwe ndio wenyeji, nao tangu zamani ni wakulima, wawindaji na warina asali. Wasukuma walianza kuja na ng'ombe wao kwa wingi tangu miaka ya 1970. Wako na Wafipa na wengine. Watoto wao hukaa katika dawati moja. Hata hivyo, ng'ombe wakiingia shambani, maneno makali hutoka, na mtu hukumbushwa kabila lake. Siku kama hiyo, wimbo wa dhihaka ni kuni juu ya moto.

Tena kuna hasara nyingine inayokuja kimyakimya. Watoto wengi husikiliza nyimbo za redio tu. Mtoto wa Kipimbwe huenda asijue wimbo hata mmoja wa bibi yake, na mtoto wa Kisukuma huimba sifa za Usukuma, nchi ambayo hajaiona, asijue jina la kijito anachonyweshea ng'ombe. Mzee akifa, nyimbo zake huzikwa pamoja naye, isipokuwa yuko mtu aliyezishika.

Basi, ninyi mnaojua kuandika mna kazi. Nendeni kwa babu na bibi, mkaombe wawaimbie. Andikeni maneno kama walivyoyatamka, pamoja na maana yake kwa Kiswahili, na majina ya mahali yanayotajwa. Kisha fundishaneni. Mtoto aliyejifunza wimbo wa mwenzake hawezi tena kumwona kuwa mgeni. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkitaka kutunga wimbo mmoja wa Kasansa yote, utungeni hivi: utaje mto Kavuu na ng'ombe wanaokunywa maji yake, utaje jembe na mzinga wa nyuki, wala asiwepo mwanafunzi atakayeuimba bila kusikia watu wa kwao wametajwa kwa heshima.

Maswali

1. Nyimbo za kusifu kwetu zina kazi gani mbili?
2. Mshindi hujulikanaje katika ngoma za Bagika na Bagalu?
3. Kwa nini wimbo wa Shinano uliweza kuwaunganisha watu mwaka 1948?
4. Taja mambo matano ambayo ungeyatia katika wimbo wa kijiji chako.