Dawa Mitini (3): Utomvu wa Minyaa na Uvimbe wa Taya

Katika sehemu mbili zilizopita tuliutazama mugariga wa Samunge, uliowavuta maelfu ya watu hadi Loliondo mwaka 2011 kwa kikombe cha shilingi 500, kisha tukautazama mlonge. Leo tunaugeukia mmea ambao mtu wa Usukumani hahitaji nauli kuupata.

Ukishuka Tinde, pale barabara itokayo Nzega inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Shinyanga na Mwanza, mwingine ukishika Isaka, Kahama na mpaka wa Rwanda, yaache maduka na malori utembee kidogo. Utakuta kaya zimezungushiwa minyaa. Ukichomeka kijiti chake ardhini kinashika hata mwaka wa ukame, na mifugo haikigusi. Kwa nchi iliyofyekwa misitu yake kama Shinyanga, ua usiodai maji wala misumari ni mali.

Kinachoifukuza mifugo ni utomvu. Vunja tawi, unachuruzika mweupe, mzito, unanata. Ngozini unawasha na kutoa malengelenge. Jichoni unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Kuna sehemu za Afrika ambako wavuvi waliutumia kulewesha samaki. Na kwa kuwa unachoma, umegeuzwa dawa: hupakwa kwenye chunjua, chunjua zikanyauka.

Hapo ndipo mtu anaporuka hatua. Kama unanyausha chunjua iliyo nje, kwa nini usinyaushe uvimbe ulio ndani? Brazil, ambako mmea huu ulifika ukitoka Afrika na huitwa avelós, wapo wanaokunywa matone ya utomvu yaliyochanganywa na maji ili kutibu saratani. Huku kwetu hoja hiyo, hata mti unapokuwa mwingine, inasikika kwenye vipaza sauti vya wauza dawa minadani na machimboni: dawa hii ni kali, inaunguza uvimbe. Ukali ndio ushahidi wenyewe.

Sasa tusikilize habari ya upande wa pili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya kwa namna isiyofanana na jipu wala jino bovu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki kumi kwenda hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimeuona uvimbe ule. Ramani iliyopatikana ilifuata joto, mvua na mwinuko wa nchi. Ulikuwa mwingi kule kwenye malaria nyingi, na ukanda wetu wa Ziwa Victoria umo. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake. Kirusi hicho, Epstein-Barr, huenea kwa mate, na karibu kila mtoto wa ukanda huu hukipata akiwa bado mdogo. Kwa wengi kinajificha ndani ya chembe nyeupe za damu na kukaa kimya maisha yote.

Miaka ya 1980 watafiti wa Kijapani walijiuliza ni nini kinachokiamsha. Walichukua mimea mingi ya jamii ya minyaa, wakajaribu maji yake kwenye seli zenye kirusi hicho. Minyaa ilikiamsha. Hata udongo ulioota minyaa ulikuwa na kemikali hizo. Zinaitwa esta za foboli, nazo hukichochea kimeng'enya kinachoiamuru seli ikue na kugawanyika. Katika majaribio ya maabara, seli zilizoguswa na utomvu zilianza pia kuonyesha kromosomu zilizokatika na kuunganika mahali pasipo pake, na kromosomu zilizobadilishana vipande ndiyo alama ya uvimbe wa Burkitt. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Malawi, minyaa ilikutwa kwenye makazi ya watoto wenye uvimbe huo mara nyingi kuliko kwenye makazi ya watoto wengine.

Simwambii mtu wa Tinde ang'oe ua wake. Kukuta mmea karibu na mgonjwa si sawa na kuthibitisha kwamba mmea ndio uliomuuguza, na kama ni kumlinda mtoto na uvimbe huu, chandarua kina hoja nzito kuliko panga. Lakini kuutwaa utomvu unaochochea seli zigawanyike, ukamnywesha mtu ambaye maradhi yake ni seli zisizoacha kugawanyika, ni jambo ambalo ningependa wale wa vipaza sauti watueleze kwa utulivu.

Wenye viwanda nao hawakusalimika. Kuna ndugu mdogo wa minyaa, gugu la Ulaya, ambaye utomvu wake ulitengenezwa dawa ya kupaka, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa ajili ya madoa ya ngozi iliyoharibiwa na jua, yale ambayo wenzetu wenye ualbino wanayajua vizuri kwa kuwa huweza kugeuka saratani. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya likahitimisha kwamba madhara yake yanazidi faida: saratani ya ngozi ilionekana zaidi kwa walioitumia. Hiyo ilikuwa imesafishwa na kupimwa.

Basi mimea haifai? Hapana. Miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilivuna zaidi ya tani 27 za mti mmoja katika vilima vya Shimba, kusini mwa Mombasa, hata miti mikubwa ikakaribia kwisha. Ndani yake mlikuwa na maitansini, kemikali inayoua seli za saratani kwa kiasi kidogo ajabu. Wagonjwa walipopewa, walitapika, wakaharisha, neva zikadhurika, na uvimbe haukupungua kiasi cha kustahili mateso hayo. Ikawekwa kabatini. Mwaka 2013 ilirudi kwa umbo jingine, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili inayoipeleka kwenye seli za aina fulani ya saratani ya matiti, na siku hizi hutengenezwa kwa kutumia bakteria, si kwa kukata miti ya Kwale. Ukali ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana kwa miaka arobaini ni namna ya kuuelekeza.

Lipo pia ua dogo la Madagaska, jeupe au la waridi, linalopandwa kwenye bustani nyingi za mijini. Jamaika walilinywa kama chai kutibu kisukari. Wakanada Robert Noble na Charles Beer walipolijaribu, sukari haikushuka. Zilishuka chembe nyeupe za damu. Kutoka ua hilo zikapatikana vinblastini na vinkristini. Sifa ya kienyeji ilikosea ugonjwa, mmea ukawa dawa kweli, lakini kwa njia ndefu: gramu moja ya vinblastini hudai karibu nusu tani ya majani makavu, na vinkristini hutolewa mshipani, kwa kawaida isizidi miligramu 2 kwa mtu mzima kwa mara moja. Hakuna sufuria inayopima hivyo.

Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu uvimbe wa Burkitt. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote za binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa kasi hiyo hiyo huyeyuka ukikutana na dawa mapema, jambo ambalo Burkitt aliliona mwenyewe Kampala. Dalili ya kwanza mara nyingi ni meno ya mtoto kulegea bila sababu, taya kuvimba upande mmoja, jicho kutokeza, au tumbo kujaa. Wazazi wengi hung'oa jino kwanza. Kutoka Tinde hadi Bugando, Mwanza, wanakotibu saratani za watoto, ni safari ya lami ya siku moja. Mkifika, mtajieni daktari kila dawa ya mti mliyompa mtoto, hata ya kupaka, maana ini na figo zake ndizo zitakazobeba dawa zote mbili.

Wiki ijayo: majani ya mstafeli, na maradhi ya neva yaliyowashtua madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe.