Kutembeza Familia Nairobi kwa Pesa Kidogo

Wako watu wanaodhani kwamba matembezi ya familia ni mambo ya wenye magari makubwa. Mimi nakataa katakata. Nairobi ina kelele na vumbi, naam, lakini ina misitu na bustani ambazo konda yeyote atakuelekeza. Wengi wetu tunakosa mpango tu, na Jumapili yote inaishia mbele ya televisheni.

Kwanza kabisa, anza na yule atakayechoka mapema. Watu huuliza, "Twende wapi?" kabla ya kuuliza nani anakwenda. Ikiwa Nyanya anaumwa na magoti, ama kuna mtoto wa miaka mitatu, basi hao ndio wameshawachagulia mahali hata kabla hawajafungua mdomo. Chukua mfano wa Msitu wa Karura. Una zaidi ya hektari 1,000, maporomoko ya maji, njia za baiskeli na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Kwa vijana ni raha tupu! Lakini kufika kwenye maporomoko na kurudi ni mwendo, na mtoto akigoma katikati ya msitu hakuna matatu ya kumbeba. Atabebwa mgongoni, na sote twajua mgongo huo ni wa nani.

Familia kama hiyo ningeipeleka Arboretum. Hifadhi hiyo ya miti ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, maana reli ilihitaji mbao na kuni kwa wingi. Ina takriban hektari 30, nyasi za kukalia ni tele, na si mbali na katikati ya jiji. Wenye miguu mizuri hutembea kutoka tauni. Wanaopenda wanyama nao wajue kwamba Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haizungukwi kwa miguu, kwani simba si ng'ombe. Hata hivyo karibu na lango kuu la Lang'ata kuna Safari Walk, ambapo unapita juu ya njia ya mbao ukiwatazama wanyama. Kiingilio cha huko huuma kidogo, kwa hivyo hiyo iwe ya mara moja kwa mwaka.

Tukija kwa pesa, hesabu nauli kabla ya kiingilio. Tuseme mko watu sita wa kulipa na mnatoka Umoja kwenda Karura. Matatu ya kwanza hadi tauni, ya pili hadi langoni, halafu mrudi vivyo hivyo. Hizo ni nauli 24! Jioni konda akiongeza shilingi 20 kwa kila gari, mtalipa shilingi 240 zaidi ambazo hamkuzipanga, na ugomvi wa Baba na konda utawaharibia siku nzima. Dawa yake ni kuondoka saa kumi, kabla watu hawajajaa vituoni. Mtoto mdogo mpakate. Tena, siku hizi malango mengi hulipiwa kwa simu, kwa hivyo angalia kama simu ina chaji na pesa zimo.

Mvua pia ina kalenda yake. Ile ndefu huanza Machi hadi Mei, na ya vuli Oktoba hadi Desemba. Julai haina mvua kubwa lakini baridi yake humpiga mtoto mpaka akakohoa wiki nzima. Januari na Februari ndiyo miezi yenyewe.

Kuhusu chakula, chapati, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha havimwagiki. Chai itiwe kwenye thermosi na sahani zitoke nyumbani, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu inayohifadhiwa. Ukifika na chupa ya soda ya plastiki, askari wa langoni atakusimamisha. Na msifungue kikapu chini ya miti yenye tumbili. Tumbili wa Arboretum hawana haya hata kidogo. Watakunyang'anya ndizi huku wakikutazama machoni.

Sasa nifike pale ninapotaka kusemea kwa sauti. Katika nyumba nyingi, Mama huamka saa kumi na moja kupika, hubeba kikapu, hupakua, huchunga watoto, na jioni anarudi kuwasha jiko. Sisi wengine twasema tumepumzika! Kama Mama amerudi akiwa amechoka kuliko alivyotoka, mpango huo haukuwa mpango. Kazi zigawanywe Jumamosi jioni: mmoja achemshe mayai, mwingine aoshe sahani, wavulana wabebe kikapu, na Baba amshike mtoto mkono. Chakula cha usiku kiwe kimeachwa tayari, hata kama ni githeri ya kupasha moto.

Isitoshe, maeneo haya hayakubaki wazi kwa bahati. Mwaka 1989 kulikuwa na njama ya kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa, na jumba halikujengwa. Januari 1999 alijeruhiwa huko Karura alipokwenda kupanda miti katika ardhi iliyokuwa ikinyakuliwa. Leo mwenye shilingi chache anaketi pale.

Hata hivyo, bustani ya umma huweza kufungwa kwa matengenezo, kama Uhuru Park ilivyofungwa mwaka 2021. Kwa hivyo Ijumaa mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza kama pako wazi, kiingilio ni kiasi gani na lango hufungwa saa ngapi. Majibu ayaandike kwenye karatasi na kumpa yule mwenye pesa.