Kuhamisha Mchoro kutoka Mfumo Endeshi Mmoja hadi Mwingine

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizokuwa zingali zikifanya kazi vizuri hazikutimiza masharti ya Windows 11. Baadhi ya wenye kompyuta hizo hufikiria kuhamia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambao hupatikana bila malipo. Kwa mwandika barua, badiliko hilo si zito. Kwa mhandisi au msanifu majengo ni zito, kwani programu za uchoraji kama AutoCAD na SolidWorks hazitengenezwi kwa ajili ya Linux.

Mfumo endeshi ndio msimamizi wa kompyuta: hugawa kumbukumbu, huongoza diski na skrini. Programu haivigusi vifaa hivyo yenyewe, bali hutuma maombi kwa msimamizi. Windows na Linux hupokea maombi kwa taratibu tofauti. Hali hiyo yafanana na bolti ya milimita na nati ya inchi, ambazo hesi zake hazikutani. Hata AutoCAD, iliyotolewa kwanza mwaka 1982 na kuwahi kutumika katika DOS, Unix na Macintosh, ilifanywa ya Windows pekee katika toleo la 14 la mwaka 1997. Ilirejea katika Macintosh mwaka 2010.

Njia za kuhama ni nne. Kwanza, kuweka mifumo yote miwili katika kompyuta moja na kuchagua mmoja wakati wa kuiwasha. Pili, kuendesha Windows ndani ya programu inayoigiza kompyuta nzima. Njia hii hula kumbukumbu nyingi. Tatu, kutumia Wine, programu iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo hufasiri maombi ya Windows. Lakini si kila programu huikubali. Nne, kubadili programu yenyewe na kutumia FreeCAD au LibreCAD.

Katika njia ya nne, hatari kubwa imo katika mchoro. Faili za DXF, zinazotumika kubadilishana michoro, huweza kukosa kipimo kilichokusudiwa. Namba 100 iliyomaanisha milimita ikisomwa kuwa inchi, urefu huwa milimita 2,540. Kosa la namna hiyo lisipogunduliwa mapema, huharibu chuma na fedha karakanani.

Wanafunzi waweza kujaribu jambo hili. Wachore mstatili wa milimita 100 kwa 50 katika LibreCAD, wauhifadhi kwa DXF, kisha waufungue katika FreeCAD na kuupima. Mhandisi naye hana budi kufanya vivyo hivyo kwa mchoro uliokwisha kuhakikiwa, kabla ya kufuta mfumo wa zamani. Daraja hudumu kuliko kompyuta iliyolichora, na atakayelikarabati atahitaji kuusoma mchoro wake.